Chakula cha Nyumbani ni Kazi ya Wawili



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya uaminifu, mapatano, malezi ya watoto na sala ya pamoja. Mara hii tunaingia jikoni. Huenda mwingine akauliza, "Jiko lina uhusiano gani na sakramenti ya Ndoa?" Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Siku ya arusi bwana na bibi huahidi mbele ya Mungu na mbele ya watu kwamba watatunzana wakiwa wazima na wakiwa wagonjwa. Ahadi hiyo haingoji mpaka mmoja alazwe hospitali. Inatimizwa kila siku, pale sahani inapowekwa mezani.

Katika nyumba nyingi kazi imegawanywa hivi: baba huleta pesa, mama hupika, watoto hula. Siku hizi mara nyingi mama naye huleta pesa, lakini jiko bado ni lake peke yake. Mgawanyo huu unaonekana mzuri, ila una kasoro. Yule anayetoa pesa hajui bei ya maharagwe, na yule anayepika hajui kesho atapewa kiasi gani. Basi kila mmoja humlaumu mwenzake: "Pesa yote imekwenda wapi?" "Kwani uliacha ngapi?" Na katikati ya maneno hayo, mtoto anakula ugali na mchuzi mtupu.

Kusudi la somo hili ni kuwasaidia bwana na bibi kukaa pamoja na kuchagua chakula cha kila siku kinachojenga afya, kwa kiasi cha pesa walicho nacho.

Makundi matatu katika sahani moja

Wengi wetu tulifundishwa shuleni, tukasahau: kuna vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kulinda mwili.

Vya kutia nguvu ni kama ugali, mchele, chapati, viazi, ndizi, mihogo na nduma, pamoja na mafuta na sukari. Vya kujenga mwili ni maharagwe, ndengu, kunde, njugu, mayai, maziwa, samaki, omena, kuku na nyama. Vya kulinda mwili ni mboga za majani na matunda, ambayo hutupa vitamini na madini.

Shida ya nyumba nyingi za Kenya si kukosa kundi la kwanza. Shida ni kwamba kundi hilo limejaza sahani yote. Mtoto ameshiba, tumbo limejaa, lakini mwili wake una njaa. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kenya ni wafupi kuliko inavyostahili umri wao, kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Mwaka 2014 walikuwa 26 kati ya 100. Tumepiga hatua, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo, hao waliobaki si namba tu. Ni watoto wa majirani zetu, na pengine wa nyumbani mwetu.

Upande wa pili, watu wazima wengi wanaugua presha na kisukari. Zamani tuliviita vitu hivyo magonjwa ya matajiri. Leo vinamkuta mwalimu, mkulima na mama wa sokoni. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mtoto asiyekua vizuri na baba mwenye presha, wote wakila katika sufuria moja.

Utajiri tunaouita umaskini

Mgeni akifika nyumbani, mara nyingi mama hutuma mtoto mbio dukani akanunue soda na mkate mweupe. Angeona haya kumwekea mgeni githeri, viazi vitamu au mboga ya managu. Anaogopa kusemwa kwamba nyumba hiyo ni maskini.

Tufikiri kidogo. Soda ya nusu lita ina sukari ya kama gramu 50, yaani karibu vijiko kumi na viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi kiasi hicho kwa mtu mzima kwa siku nzima, na ingekuwa heri iwe nusu yake. Soda moja tu, na kipimo cha siku kimekwisha, kabla hatujagusa chai!

Githeri, kwa upande wake, ni chakula chenye hekima. Mahindi yana upungufu wa aina fulani ya protini ambayo maharagwe yanayo, na maharagwe yana upungufu ambao mahindi yanaujaza. Vikiwa pamoja vinajenga mwili vizuri sana. Mabibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walijua. Je, huo si mfano wa ndoa? Kila mmoja ana upungufu wake, na mwenzake ndiye anayeujaza.

Vivyo hivyo mboga za kienyeji: managu, terere, saga, kunde, mrenda, majani ya maboga. Zina vitamini A na madini ya chuma kwa wingi, nazo huota hata karibu na mlango. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka kazi iliyofanywa hapa Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuigwa ulimwenguni. Ikiwa ulimwengu unaviheshimu, kwa nini sisi tuvionee haya?

Tusisahau omena. Kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, humpa mtoto protini na kalsiamu pamoja. Uji wa wimbi nao una kalsiamu nyingi kuliko uji wa mahindi meupe. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina vitamini A, ambayo huyalinda macho na kumsaidia mtoto kupigana na magonjwa.

Nani anapewa nini?

Sasa tuguse jambo gumu zaidi. Katika jamii zetu nyingi, desturi iliamua nani ale nini. Katika baadhi ya sehemu za magharibi mwa Kenya, zamani wanawake hawakula kuku, na mpaka leo firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Kwingine mama mjamzito alikatazwa mayai, eti mtoto atakuwa mkubwa mno tumboni.

Hatudharau desturi. Heshima kwa baba ni kitu chema, na firigisi moja haiui mtu. Lakini desturi ikimnyima chakula yule anayekihitaji zaidi, hapo lazima Injili iipime. Na anayehitaji zaidi ni nani? Ni mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo. Siku elfu moja za kwanza, tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo zinazoweka msingi wa mwili na ubongo wake. Msingi ukiwekwa vibaya, ni vigumu sana kuurekebisha baadaye.

Kwa hiyo, bwana, mkeo akiwa mjamzito, yai lililopo ni lake. Hakikisha anakwenda kliniki mapema na anameza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa. Ikiwezekana, mfuatane. Mtoto akizaliwa, anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji. Baada ya hapo aanze chakula laini huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Uji wake usiwe mwepesi kama maji, kwa maana tumbo lake ni dogo. Uwe mzito, utiwe maziwa au njugu zilizosagwa, na kando apondewe ovakado, maharagwe au yai.

Kuna pia yule baba ambaye hula vizuri kabla ya kufika nyumbani. Jioni hupita mahali pa nyama choma na wenzake, hulipa bila kuuliza bei, kisha hufika nyumbani na kusema, "Mama watoto, leo sina njaa." Watoto wanaosubiri wanakula ugali na sukuma wiki iliyochemshwa. Kula na marafiki si dhambi. Lakini mwanamume anayejua ladha ya nyama kila juma, na watoto wake hawaijui mpaka Krismasi, ajiulize kama kweli anakula pamoja na jamaa yake.

Pesa ya chakula

Chukueni jioni moja, watoto wakishalala, mkae na karatasi na kalamu. Baba watoto aseme kwa ukweli pesa iliyopo. Mama watoto aseme kwa ukweli vitu vinavyotumika kwa juma moja. Kisha mwandike pamoja.

Hapo mtagundua mambo. Kwanza, kununua kadogo kadogo kuna gharama yake. Mafuta ya kupimiwa kila siku, sukari ya kufungiwa katika karatasi, unga wa nusu kilo. Mwisho wa mwezi mmelipa zaidi ya aliyenunua kwa pamoja. Si kila nyumba inaweza kununua kwa mwezi, lakini nyumba nyingi zingeweza kununua maharagwe ya mwezi mmoja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Pili, jumlisheni pesa ya soda, mandazi, chipsi, sigara na kileo kwa juma. Msigombane juu yake; jumlisheni tu, kisha mwiweke kando ya bei ya trei ya mayai. Hesabu yenyewe itawahubiria.

Tatu, kama mna nafasi hata ya gunia moja la udongo, pandeni mboga. Gunia lililotobolewa pembeni huotesha sukuma wiki, terere na vitunguu vya majani, hata katika ploti ya mjini. Baba akimwagilia maji asubuhi, heshima yake haipungui.

Juu ya unga, elewaneni hivi. Unga mweupe sana uliokobolewa umepoteza pumba na kiini, ambamo ndimo ulimo uzuri mwingi wa mahindi. Unga wa mahindi mazima yaliyosagwa posho mill ni bora kwa hilo. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kutia vitamini na madini katika unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, na vitamini A katika mafuta ya kupikia. Mkinunua pakiti, angalieni kama ina alama ya kuongezwa virutubisho.

Lakini mahindi yenyewe yawe makavu na safi. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu ya aflatoksini, na kuyapika hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za Ukambani, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi ya namna hiyo. Basi anikeni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, yawekeni mahali pakavu penye hewa, na msile yaliyooza kwa kuona uchungu kuyatupa. Wala msiwape mifugo.

Mmoja anapougua

Chukua mfano huu. Bwana ameambiwa na daktari kwamba ana presha. Anarudi nyumbani na kunyamaza, kwa kuwa anaona ugonjwa ni aibu. Mkewe anakiona cheti mfukoni, naye bila kusema neno anaacha kutia chumvi katika chakula. Bwana anaonja, anasukuma sahani na kusema, "Siku hizi hupiki tena kama zamani." Bibi anajibu kwa hasira. Kesho yake bwana anakula hotelini, ambako chumvi na mafuta ni maradufu.

Hapa nani amekosa? Wote wawili walikuwa na nia isiyo mbaya. Kilichokosekana ni mazungumzo. Baba watoto angesema, "Nimeambiwa hivi, na ninaogopa." Mama watoto angesema, "Tuanze pamoja, mimi na wewe na watoto." Ugonjwa wa mmoja ni wa nyumba nzima, na mabadiliko ya chakula yawe ya nyumba nzima. Haifai baba apikiwe sufuria yake kama mfungwa, huku wengine wakila vya chumvi na vya kukaangwa mbele yake. Tena, chakula kinachomfaa mwenye presha ndicho kinachowafaa wote.

Chumvi ipunguzwe polepole, ulimi upate kuzoea katika majuma machache. Kipimo kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni kisichozidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na ya viungo vya pakiti, ambavyo mara nyingi vimejaa chumvi. Mahali pake tieni dania, kitunguu saumu, tangawizi na limau. Chumvi kidogo mnayotumia iwe ile yenye madini ya joto. Na mgonjwa asiache dawa kwa sababu chakula kimebadilika. Daktari ndiye atakayeamua.

Hatua ndogo za jikoni

Msijaribu kubadilisha kila kitu kwa siku moja. Chagueni mawili au matatu:

1. Osheni mboga kabla ya kuzikata, na mzipike kwa maji kidogo kwa muda mfupi. Mboga iliyochemshwa mpaka ikabadilika rangi, kisha maji yake yakamwagwa, imeacha vitamini zake katika mfereji wa maji machafu.

2. Chai isinywewe pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia mwili kupata madini ya chuma. Ngojeni kama saa moja. Badala yake, kula chungwa, limau au nyanya mbichi na maharagwe au mboga, kwa maana husaidia madini hayo kuingia mwilini.

3. Lowekeni maharagwe usiku kucha, mmwage maji yale, kisha mpike. Yataiva upesi, mtaokoa kuni au gesi, na tumbo halitajaa hewa.

4. Chemsheni au okeni mara nyingi kuliko kukaanga. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi yasirudiwe.

5. Kila mtu ale tunda moja kila siku, la msimu wake: embe, papai, ndizi, pera, chungwa. Kwa jumla, matunda na mboga vifikie angalau gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama viganja vitano vilivyojaa.

6. Sahani igawanywe hivi: nusu mboga na matunda, robo ugali au wali, robo maharagwe, samaki, mayai au nyama.

Meza ya nyumbani na meza ya Bwana

Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakristu wa Korinto kwa jambo linalotuhusu. Walikusanyika kwa chakula cha Bwana, lakini mmoja alikaa na njaa na mwingine alilewa. Akawaambia wangojane (1 Kor 11). Kwa Paulo, kutojali njaa ya ndugu kuliuharibu mkutano wenyewe. Tunaposhiriki Mwili wa Kristu Jumapili, kisha nyumbani mmoja akala vinono na mwingine mabaki, tumesahau tulichopokea.

Yesu mwenyewe alijali chakula. Alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula (Mk 5). Baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi wake mkate na samaki juu ya makaa, kando ya ziwa (Yn 21). Bwana aliyeshinda mauti hakuona haya kuwasha moto na kupika. Basi, mume gani Mkristu ataona haya kuingia jikoni, mkewe anapokuwa mgonjwa au amechoka?

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwakumbusha wanandoa umuhimu wa maneno matatu: tafadhali, asante na samahani. Mezani ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni mama wangapi wamepika miaka ishirini bila kusikia asante? Ni baba wangapi wamelipa unga miaka ishirini bila kusikia neno hilo?

Chakula kizuri si lazima kiwe cha bei kubwa. Ni kile kilichochaguliwa kwa akili, kikapikwa kwa usafi, kikagawanywa kwa haki, na kikaliwa pamoja kwa amani.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika jumuiya ndogo ndogo

1. Katika siku tatu zilizopita, ni kundi gani la chakula lililokosekana mezani petu?
2. Nani katika nyumba yetu hupata kidogo kuliko anavyohitaji? Kwa nini?
3. Je, tunapanga pesa ya chakula pamoja, au mmoja hupanga na mwingine hulalamika?
4. Ni desturi gani ya chakula tungependa kuitunza, na ipi tungependa kuiacha?
5. Katika jumuiya yetu kuna mama mjamzito, mgonjwa au mzee asiye na mtu wa kumpikia? Tutafanya nini juma hili?

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, unayetupa riziki kila siku, ubariki mikono inayotafuta na mikono inayopika. Utufundishe kuchagua vema, kugawana kwa haki na kushukuru. Uwalinde mama wajawazito na watoto wadogo, uwaponye wagonjwa wetu, na usiache nyumba yoyote ya jirani ilale njaa sisi tukiwa na akiba. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.